Vifurushi vya Leocadia

Mimi simwamini mtu anayetoa bure. Nilimwambia hivyo mama yangu, Asunta, tangu Ijumaa ya kwanza Leocadia Huarcaya alipoingia kwetu na beseni la maji ya moto yenye majani ya mlimani. Mama ni kipofu, na visigino vyake vilikuwa vimepasuka kwa baridi ya huku juu. Leocadia, mjane anayewafulia watu nguo mtoni, alipiga magoti, akamwosha miguu, akamkata kucha kwa mkasi wa kunyolea kondoo, akaenda zake. Hata supu ya viazi hakukubali.

Kila Ijumaa alipita pia kwa mzee Toribio na kwa kiwete wa kule darajani. Watu wakasema huo ndio Ukristo. Ukristo gani? Mimi ndiye ninayekaa benchi la mbele kanisani, na sijawahi kumshika mtu kisigino! Niliona wazi anachotaka: mama ana shamba la viazi kando ya mfereji, zuri kuliko yote kijijini, na hajasema atamrithisha nani. Kikulacho ki nguoni mwako.

Basi nikawa namchungulia kwenye ufa wa mlango. Siku moja nikamwona anaokota kucha za mama moja moja, anazifunga kwenye kitambaa, anakitia kifuani. Kwetu hakuna asiyejua mtu mwenye nia mbaya hufanyia nini kucha za mwenzake.

Kesho yake, yeye akiwa mtoni, niliingia kwake. Kwenye tundu la ukuta nikakuta vifurushi viwili. Cha kwanza kilikuwa na kucha na mvi za mama. Cha pili kilikuwa na nywele nyeusi, na kipande cha uzi mwekundu ninaofungia misuko yangu. Mungu wangu, nywele zangu mimi!

Jumapili, misa ilipokwisha, niliviinua juu mbele ya watu wote nikamwita mchawi. Leocadia alinitazama, akafungua mdomo, akaufunga. Nikasema, basi nimempata. Wanawake waliokuwa wakimpa nguo za kufua wakaanza kumkwepa palepale.

Nikarudi nyumbani kifua mbele, nikamsimulia mama.

"Nilimpa mimi, Fidelia," alisema. "Maiti hapumziki mpaka akusanye kila unywele na kila ukucha alioacha duniani. Huwekwa kwenye tundu la ukuta mpaka siku ya kufa, tuzikwe navyo. Wewe hapa kila kitu unafagia unatia motoni."

"Na zangu je?"

"Ukimaliza kuchana, mimi napapasa sakafuni. Niliogopa siku ukifa utazurura unatafuta nywele zako, nami nikusubiri huko nisikuone. Nikamwapisha asikwambie, maana nikitaja kifo unanifokea."

Ni kweli, nilikuwa nikimfokea. Mambo ya wazee, nilisema siku zote. Niliona aibu hadi masikio yakaniwaka.

Kesho yake nilichukua vifurushi nikapita katikati ya kijiji mchana kweupe, nikimwambia kila niliyekutana naye kwamba nimemsingizia mtu. Wengine walinicheka, na walikuwa na haki. Leocadia alikuwa amekaa kizingitini, hana nguo ya kufua hata moja. Nikamwomba msamaha. Alivipokea vifurushi, akavirudisha tunduni, akauliza tu visigino vya mama vinaendeleaje.

Hapo ndipo nilipoitazama miguu yake. Kucha zilikuwa ndefu, zimejikunja.

"Wewe nani anakukata, dada?"

Alicheka kidogo. "Wa kunikata nimtoe wapi?"

Nikaomba mkasi, nikapiga magoti. Sikujua hata kuushika. Nilimchoma mara mbili naye akavumilia. Kucha zake nilizifunga kwenye leso yangu, nikaiweka tunduni, kati ya kifurushi cha mama na changu.