Mkono wa Kushoto wa Mwalimu Manila

Wanafunzi walimwita Mwalimu Manila, tena si kwa siri sana. Kila somo la Kiingereza alilifundisha kwa karatasi ya manila iliyobandikwa ukutani, na karatasi ya "put off" ndiyo ilikuwa kongwe kuliko zote. Aliiandika kwa wino mwekundu akiwa chuoni, miaka ishirini na moja iliyopita, akinakili daftari la mwenzake. Maana ya kwanza: kuahirisha jambo. Ya pili: kuzima taa. Ya tatu: kumzungusha mtu kwa visingizio. Ya nne ilikuwa na mfano tu, "The smell put her off her food," bila maana yoyote mbele yake, kwa sababu kengele ya chakula ililia kabla hajamaliza kunakili, na chuoni hakuwa mtu wa kuchelewea chakula.

Alijiambia ataitafuta kesho. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wahenga walishasema, lakini tumbo la Mwalimu Manila lilikaa miaka yote hiyo shwari. Somo likikaribia mfano wa nne, kengele ilikuwa na tabia ya kulia. Isipolia, yeye alikuwa na tabia ya kukohoa mpaka ilie.

Tumbo lilianza kuuma Jumatatu, mwalimu mkuu alipochungulia ofisi ya walimu na kusema, "Alhamisi tuna mkaguzi. Ataanza na Kiingereza, darasa la sita."

Darasa la sita lilikuwa lake. Mkaguzi huyo huyo alipita mwaka juzi, na kabla ya mwezi kwisha walimu wawili walikuwa wamehamishwa. Yule wa Jiografia alipelekwa mahali ambapo yeye mwenyewe ilibidi apatafute kwenye ramani. Wenzake walicheka siku ile. Mwalimu Manila hakucheka, maana nyuma ya shule, katika chumba kimoja chenye dirisha la wavu, alikuwa na mama yake.

Mama alipooza upande mmoja, na huu ulikuwa mwaka wa tatu kitandani. Ilibidi ageuzwe kila baada ya saa mbili, la sivyo ngozi ingefanya vidonda. Kila mapumziko mwalimu alivuka uwanja mbio, akamgeuza, akamwekea mto katikati ya magoti, akarudi na chaki bado vidoleni. Jirani alikuwa mwema, lakini kugeuza mgonjwa hakujua, aliogopa kumvunja. "Nitamfundisha siku moja," mwalimu alizoea kusema. Akihamishwa, mama asingeweza safari, na nani angemgeuza? Swali hilo lilimnyima raha Jumatatu, Jumanne na Jumatano.

Kamusi ya shule ilikuwa kabatini kwa mwalimu mkuu. Kuiomba ni kukiri kwamba hajui, na mwalimu mkuu hakujaliwa kifua cha kuweka siri. Basi akarudia dawa ya zamani, aliyofundishwa na mwalimu wake mwenyewe.

"Mkiulizwa swali, nyote mnyooshe," aliwaambia watoto Jumatano. "Anayejua, mkono wa kulia. Asiyejua, wa kushoto. Nitachagua mwenyewe." Wakafanya mazoezi hadi mabega yakauma. Binti wa dawati la mbele, waliyemwita Kimya, alinyoosha wa kushoto kila mara.

Alhamisi mkaguzi alikuja, mama mmoja mfupi wa makamo, akaketi nyuma na daftari lake magotini. Kila asubuhi Mwalimu Manila alikunywa chai na mkate mezani pake huku akisahihisha, na darasa zima lilijua. Leo kikombe kilikuwa kimejaa, utando umeganda juu, na mkate haujaguswa. Jasho jembamba lilimtiririka mgongoni, lakini somo lilikwenda. Maana ya kwanza, mikono yote juu. Ya pili, yote juu. Ya tatu, yote juu. Akaanza kukohoa.

"Pole, mwalimu," mkaguzi alisema akiinuka. "Wacha nikusaidie. Watoto, huo mfano wa nne maana yake nini?"

Mikono arobaini na mitatu ikapaa kwa pamoja. Yote ya kushoto.

Mkaguzi aliitazama safu kwa safu. "Mbona yote ya upande mmoja?" Mikono ilibaki juu. "Haya. Mwalimu atatuambia."

Akilini mwalimu alimwona mama yake ameangalia ukuta, hajageuzwa tangu asubuhi, akiita mtu aliye mbali. Angeweza kubuni jibu lolote, maana ya kubuni hakuikosa. Lakini mbele yake ilisimama mikono aliyoifundisha mwenyewe, na mkono wake wa kushoto ukapanda nayo.

Watoto walielewa papo hapo. Hakuna aliyecheka, na hilo lilimuumiza zaidi. Kisha Kimya akashusha wa kushoto, akasita, akanyoosha wa kulia.

"Ni harufu imemfanya asitake tena chakula," alisema kwa sauti ndogo.

"Umejuaje?"

"Nimemwona mwalimu. Kila siku anamaliza chai. Leo ameogopa, chai imemshinda. Nikaona inaweza kuwa hivyo hivyo, ila huyo wa kwenye mfano ni harufu."

Ofisini, baada ya somo, mkaguzi alilifunga daftari lake.

"Mwaka juzi niliwahamisha wawili," alisema. "Walinidanganya huku wananitazama machoni. Wewe umenyoosha wa kushoto, ukakiri hujui, kwa hiyo leo siandiki. Lakini nitarudi kabla ya muhula kwisha, mwalimu. Siku hiyo asiyejua asinyooshe, nione wangapi wanajua kweli. Nikikuta kama leo, utahama."

Kengele ya saa nne ililia. Alivuka uwanja, akaingia chumbani, akaingiza mikono chini ya mabega ya mama yake.

"Wamekuhamisha?" mama aliuliza.

"Bado, mama. Atarudi."

Mwalimu aliuweka mto sawa katikati ya magoti yake.

"Mwite jirani," mama alisema. "Umfundishe kunigeuza."

Ulimi wa mwalimu ulikuwa umeshalishika neno "kesho". Akalimeza, akatoka kwenda kubisha hodi kwa jirani.