Dakika Tano Nilizonyimwa Kwenye Kiti cha Meno

Magego yangu mawili ya juu, upande wa kulia, yalikuwa yameng'olewa. Daktari wa meno wa Shinyanga mjini akasema atanipandikizia mapya ya skrubu, ila mfupa wangu ni mwembamba na juu yake kuna uwazi wa hewa, sainasi. Angeinua kidogo utando wa uwazi huo apate nafasi.

"Kuna njia nyingine?" nikauliza.

Akacheka. "Mzee, fungua mdomo."

Akaanza kugonga. Ganzi iliua maumivu, vishindo haikuviua. Kila kinyundo kilipotua kichwa kizima kilitikisika. Akakaza skrubu mbili, akanipa vidonge, akaniaga. Hakuniuliza nafanya nini maishani. Mimi napiga tarumbeta parokiani kwetu, Ushirombo, tangu ujana. Jumapili ya pili nikapuliza wimbo wa kuingilia, nikasikia kitu kinaachia juu ya taya. Nyumbani nikanywa chai, ikatokea puani.

"Baba, hiyo ni chai au damu?" mke wangu akauliza.

Vyote viwili.

Nikarudi kwa yule daktari, nikamweleza. "Ulipuliza tarumbeta? Basi umejiharibia mwenyewe." Nikachukua koti langu, nikapanda basi la Mwanza.

Mwanza nilipokewa na daktari mwanamke. Kabla hajanigusa aliuliza kazi yangu, kisha akachora taya kwenye karatasi, akiandika maelezo kando. "Kugonga kupitia tundu la skrubu ni njia nyepesi, unapona upesi, lakini inataka mfupa wa kutosha. Wako hautoshi. Wewe ulihitaji njia ya pili: tunafungua dirisha dogo ubavuni mwa taya, tunainua utando tukiuona, tunajaza unga wa mfupa, tunasubiri miezi. Na hupulizi chochote."

Kwenye picha, skrubu moja ilikuwa imezama ndani ya sainasi.

"Kunieleza haya kungemchukua yule wa Shinyanga muda gani?"

"Dakika tano, mzee."

Aliitoa skrubu kupitia dirisha hilohilo, akajaza unga wa mfupa. Karibu mwaka mzima nilikaa bila tarumbeta. Krismasi nikaisikiliza nikiwa benchi la nyuma, nimenuna. Sasa meno ninayo, na noti za juu bado zinanikatalia.

Nilimpelekea daktari wa Shinyanga ule mchoro.

"Mzee, yaishe," akasema, akautia kwenye droo bila kuutazama.

"Utoe. Uusome."

Nikasimama mlangoni, wagonjwa wakitukodolea macho, mpaka akautoa akausoma wote. Pole hakunipa.