Grisi ya Boti kwenye Tundu la Eko

Mshamu fundi redio hakuwa mtu wa kusema sijui. Kibiti walimjua hivyo. Ukimpelekea redio iliyokufa aliitikisa, akaitegea sikio la kushoto, kisha akakutajia ugonjwa wake kabla hajashika bisibisi. Mara nyingi alipatia. Zile mara alizokosea, alikosea kimyakimya humo humo kibandani, akibadilisha kifaa hiki na kile mpaka redio iongee, na mwenye redio akija anaambiwa yale yale ya mwanzo. Alizaliwa Ngorongo kwa wakulima wa mpunga, na ufundi alijifundisha mwenyewe kwa kufungua na kufunga. Hakuwa na cheti cha kutundika ukutani, basi jibu la haraka ndilo lilikuwa cheti chake.

Kwa miaka sita alikuwa pia mtu wa mitambo wa kikundi cha Sadallah. Kilikuwa kikundi kidogo, cha kuitwa kwenye harusi na ngoma za kumtoa mwali. Sadallah alipiga gita, Biasha aliimba, na gita na kipaza sauti vyote vilipita kwenye amplifaya moja nyeusi iliyochubuka pembe, ambayo Mshamu aliitunza kuliko baiskeli yake.

Jumatano moja ya mwezi wa sita Sadallah aliibeba mashine ile mpaka kibandani, akaitua mezani katikati ya redio za watu.

"Bado inavuma," alisema. "Na Ijumaa tunamtoa mwali wa dada yangu. Safari hii sitaki kelele, Mshamu bwana. Watakuwepo watu wa kwetu wenyewe."

"Ni ule unyevu wa Kiongoroni." Jibu lilitoka lenyewe.

Sadallah akajikuna shingo. "Unyevu wa mwezi wa pili? Mbona hata nepi za mtoto zinakauka."

Akaenda zake. Mshamu akabaki na mashine, na lile neno.

Mambo ya Kiongoroni hakuna asiyeyajua. Walikwenda kupiga harusi kwenye kijiji hicho cha deltani, kwa boti kutoka Nyamisati. Njiani maji yalikuwa yanaruka mpaka ndani, na Biasha akaikalia mashine, akaifunika kwa kanga zake mbili, akashuka ufukoni amelowa mpaka shingoni. Jioni ngoma ilipoanza, Sadallah alichomeka tu eko, kile kisanduku cha kuirudiarudia sauti kama mwangwi, mashine ikakoroma hata maneno ya wimbo hayasikiki. Wageni wakaanza kupiga miluzi. Mzee mmoja akauliza, "Fundi, mmetuletea gita au mashine ya kukoboa?"

Macho yote yakamgeukia Mshamu. Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwake. Akasema, kwa sauti ya utani, "Mtuwie radhi wazee wangu. Dada yetu mwimbaji ameikalia mashine na nguo mbichi njia nzima. Imeshikwa na mafua."

Watu wakacheka. Halafu mmoja akauliza nguo hizo zililoweshwa na nini, na hapo kicheko kikawa kingine. Biasha aliimba nyimbo tatu akashuka. Aliporudi Kibiti alikuta jina limefika kabla yake: Kikojozi. Watoto wakipita kwenye meza yake ya vitumbua walilisema na kukimbia. Hakuimba tena na kikundi. Mshamu naye akaanza kununua vitumbua vyake upande wa pili wa barabara, asije akalisikia lile jina.

Alhamisi asubuhi aliegesha mlango wa kibanda, akaanza kazi.

Nyuma ya amplifaya ile kulikuwa na matundu mawili. Moja hutoa sauti kuipeleka kwenye kisanduku cha eko, la pili huipokea ikirudi. Kwanza aliyaacha matupu, akachomeka gita peke yake kwa mbele. Sauti ilitoka, lakini ilikuwa inakwaruza, inapotea, inarudi. Akachomeka eko. Mvumo ukajaa kibanda mpaka bisibisi zikatetema koponi.

Aliishuku chaja ya eko, maana chaja hizi za rahisi zina tabia ya kuvuma. Akaichomoa, akatia betri. Mvumo ule ule. Akabadilisha nyaya zote mbili. Ule ule. Mwishowe akaitoa eko yenyewe, akachukua waya mmoja mfupi akaunganisha tundu na tundu, sauti itoke na kurudi bila kupita popote. Kama ubaya uko kwenye eko, alijiambia, sasa patanyamaza. Hapakunyamaza. Akaibana kwa upande jeki, kile kichwa cha waya, kwenye tundu la kurudishia, mvumo ukakatika. Akaiachia, ukarudi.

Basi ni tundu. Alichukua kijiti cha pamba cha kusafishia masikio, akakizungusha ndani. Kilitoka cheusi. Haikuwa kutu, wala ule ukijani wa shaba iliyoliwa na chumvi. Kilikuwa kitu cha kunata, na alipokisugua vidoleni alisikia chembechembe. Akakinusa.

Akavuta ndoo akakaa.

Ilikuwa grisi ya boti. Na aliyeipaka ni yeye. Ilikuwa Nyamisati, wakingoja maji yajae. Mkewe, Zena, ni mtu wa deltani, na kwa wakwe zake Mshamu alikuwa ameona jinsi watu wa huko wanavyopaka grisi kila kitu chumvi isikile: makufuli, vichwa vya betri, tochi, waya za injini. Siku ile alichota kwa kidole kwenye kopo la nahodha, akayapaka matundu yote mawili, kila mtu akiwa ametazama pembeni. Hakumwambia mtu. Alitaka mashine ifike salama, kisha ndiyo aseme alichofanya, wamsifu.

Kichwa cha betri hubanwa kwa nati, grisi haikidhuru. Lakini tundu la jeki ndani yake mna ulimi mwembamba wa chuma, na sauti hupita kwa ulimi huo kugusana na jeki, au na kipande cha chuma kilicho chini yake tundu likiwa tupu, basi. Grisi ilikaa katikati, ikaokota chumvi na mchanga, mguso ukafa. Hili angeweza kumfundisha mtu yeyote.

Hata hivyo siyo grisi iliyomkalisha kwenye ndoo. Kesho yake ile, huko huko Kiongoroni, wenzake wakinywa chai, alikuwa ameifungua mashine. Ndani ilikuwa kavu. Hata vumbi la Kibiti lilikuwepo bado, limelala pale pale. Aliliona kwa macho yake. Akarudisha skrubu moja moja, akaenda kunywa chai.

Alisafisha matundu kwa spiriti, akaingiza na kuchomoa jeki mara nyingi mpaka ikawa inatoka safi. Akachomeka eko, akafungua sauti mpaka mwisho. Kimya. Siku nyingine angetoka nje akawaita majirani waje wasikilize.

Zena alipoleta chakula cha mchana alisimama mlangoni na sufuria yake. "Baba Swaumu, mashine imenyamaza na wewe umenyamaza. Nani amemwambukiza mwenzake?"

Akamweleza. Alianzia kwenye grisi, na kwa kuwa Zena hakumkatiza, akafika mpaka kwenye vumbi.

"Uliona kavu?"

"Niliona."

Zena akaifunika tena sufuria. "Na mimi lile jina nimelisema. Nimecheka na wenzangu bombani tukichota maji. Kumbe nilikuwa nacheka ya nyumbani kwangu."

Aliondoka, sufuria ikabaki, na Mshamu hakuifunua. Alimpigia simu Sadallah, akamwambia mashine imepona na imepona vipi. Sadallah akasema, "Akiuliza mtu, mwambie ilikuwa waya. Yalishapita hayo, unataka kuyachimbua ya nini?"

Alitamani sana kumsikiliza. Alifika mpaka njia panda ya kwake akiwa bado anatamani, kisha akapita nyuma ya maduka, mahali ambapo Biasha hupikia. Alichagua saa ambayo hakuna wateja.

"Hodi dada."

"Karibu fundi. Vitumbua vimekwisha." Biasha alikuwa amechuchumaa anasugua kikaango cha vitumbua kwa majivu.

Alisema yote akiwa amesimama. Biasha hakuacha kusugua, tundu kwa tundu. Mshamu alipomaliza kuomba radhi, Biasha akamuuliza, "Ulinisema wapi?"

"Kiongoroni."

"Kijiji nakijua. Nauliza ulinisema kwenye nini."

"Kwenye spika."

"Na leo unaniomba radhi jikoni." Akamwaga maji machafu, yakapita karibu na viatu vya Mshamu. "Hapa jikoni mimi sina neno na wewe, fundi. Hapa hakuna aliyeniita Kikojozi. Kesho mama wa mwali amenialika. Nimemwambia nitakuja kula."

Ijumaa baada ya sala uwanja wa nyumba ya dada yake Sadallah ulijaa. Wanawake walikaa kwenye mikeka, wanaume kwenye viti vya plastiki, na walikuwemo wawili watatu wa kutoka Kiongoroni. Biasha alikuwa mkeka wa mbele, mkono kwenye sinia la pilau. Kabla ngoma haijaanza, kujaribu kipaza sauti ilikuwa kazi ya Mshamu siku zote.

"Moja," akasema. "Mbili."

Sauti ilikuwa safi. Alikuwa ameomba moyoni ivume, hata kidogo, apate sababu ya kuinama. Haikuvuma.

"Mashine hii ilipokoroma Kiongoroni," alisema, "nilisema ni dada Biasha. Siyo yeye. Grisi nilipaka mimi, kwa kidole changu. Yeye aliikinga na maji. Niliifungua kesho yake nikaikuta kavu, nikanyamaza."

Alikuwa ameisahau eko. Lile neno la mwisho likarudi mara tatu juu ya vichwa vya watu, kila mara dogo zaidi, nikanyamaza, nyamaza, maza, na uwanja mzima ukalisubiri liishe.

Mzee mmoja wa kwenye viti akauliza, "Kwa hiyo fundi, siku ile ulikuwa hujui?"

"Nilikuwa sijui."

Kicheko kilianzia kwa wanaume kikahamia mikekani. Mtoto mmoja akaita "Fundi Grisi," na wenzake wakalidaka. Zena alikuwa mkeka wa tatu. Yeye hakucheka, alikuwa anatazama mapaja yake.

Biasha alimaliza pilau. Akanawa, akajifuta, akainuka akaja mbele, na Mshamu akampa kipaza sauti kwa mikono miwili. Biasha alikipokea, akakifuta kwa pindo la kanga pale mkono wa Mshamu ulipokuwa.

"Itoe hiyo eko," akamwambia, bila kumtazama. "Nataka waisikie sauti yangu mwenyewe."

Mshamu akainama nyuma ya mashine, akachomoa jeki zote mbili. Kazi ilikwisha mara moja. Sadallah akagusa gita, Biasha akaanza, na maneno yote yalisikika. Mshamu alibaki amechuchumaa pale nyuma, jeki mkononi, wimbo wa kwanza na wa pili, kwa kuwa ili ainuke ilibidi atazamane na watu.