Kiingereza cha Kuongea na Wajina Wangu

Mjukuu wangu aliye Amerika ana jina langu. Kwetu msichana wa pili hupewa jina la nyanya mzaa mama, kwa hivyo binti yangu akimgombeza humwita "Mami", vile ananiita mimi. Wajina hawafichani kitu. Shida ni kwamba huyu wangu alizaliwa huko, hajawahi kukanyaga Thika, na neno pekee la kwetu analojua ni "cucu", yaani nyanya. Mengine yote ni Kiingereza.

Walikuwa wanapiga simu kila Jumapili. Mtoto anaongea weee, mpaka anakosa pumzi, halafu binti yangu ananitafsiria: "Anakusalimia, Mami."

Ai! Maneno yote hayo ni salamu?

Nikiuliza watakuja lini, jibu lilikuwa lile lile: "Disemba, tukijaliwa." Nami kila mwaka nafunga mbuzi nyuma ya nyumba, maana mtu hawezi kutoka ng'ambo apokelewe na sukuma wiki. Disemba inaisha, mbuzi analiwa na majirani wa Makongeni, ambao sijawahi kuwaona wakisikitika.

Nikachoka kutafsiriwa. Nikajiandikisha ngumbaru, darasa la watu wazima pale kanisani. Mwalimu alikuwa kijana wa kutoka Ruiru, mpole kupita kiasi, anatuita "wazazi wangu". Salamu nilizishika haraka. Kilichonitoa jasho ni Kiingereza cha siku na saa. Sisi tunasema Jumapili, basi, imetosha. Mwingereza lazima aiwekee siku kitu mbele: on Sunday. Saa nayo inataka at. Mwezi unataka in, na ole wako uchanganye. Nilimuuliza mwalimu ni nani aliyeamua mambo haya. Akacheka, akasema hata yeye alichapwa sana kwa sababu yake.

Niliyeketi naye benchi moja alikuwa soja, mlinzi wa kiwandani, mtu wa Kakamega. Kila mfano wake ulikuwa wa mazishi, maana kwao watu wengi huzikwa Jumamosi. Mjomba anazikwa on Saturday. Shemeji anazikwa on Saturday. Mwalimu akamsihi ajaribu walau harusi moja.

"Sijaalikwa, mwalimu," akasema.

Mimi mfano wangu ulikuwa mmoja tu. Niliusema nikikata mboga, nikausema nikifua, mpaka jirani akaniuliza kama naomba. When are you coming? In December?

Jumapili moja binti yangu aliacha simu mezani akaenda kugeuza chapati. Nikabaki na wajina wangu. Moyo ulinidunda kama wa msichana. Nikamsalimia kwa Kiingereza, akacheka kwa furaha. Nikauliza swali langu lote, na in mahali pake.

Alinijibu polepole, vile mtu anamwongelesha mzee. Akasema hapana, cucu, si Disemba. Mama yake hana makaratasi. Akitoka nchi hiyo hataruhusiwa kurudi, kwa hivyo hawatakuja. Akaniuliza kama sikujua.

Nilielewa kila neno. Haki ya Mungu, nilitamani ningekuwa bado mjinga. Iliniuma, na sikuumia kwa sababu nilidanganywa. Niliumia nikifikiria miaka hiyo yote binti yangu akitamka "Disemba" peke yake, akijua.

Nikamwambia mtoto, sawa, call me on Sunday. Akasema okay.

Binti yangu akarudi kwa simu. "Ngai, Mami, nimesikia unabonga Kizungu! Mmeongea nini na wajina wako?"

"Amenisalimia," nikasema.

Kisha tukaongea habari za mvua, na za bei ya unga, na chapati zake zilizoungua.

Wiki hiyo soja aliaga darasani, alikuwa anaenda kwao kuzika. Nilimwita nyumbani, nikafungua kamba, nikampa mbuzi. Alishangaa, akauliza mgeni wangu je. Nikamwambia ashike kamba vizuri, huyo mbuzi ni mtoro.

Jumapili simu ikalia. Binti yangu akaniuliza kama mbuzi wa Disemba ananona.

Nikamwambia ananona.