Meza ya Kula na Mkwe

"Chagua wewe mgahawa wa kula mchana, Mum," binti yangu aliniambia kwenye simu. "Anywhere, bora tu iwe karibu na kwake."

Kwake ni Kennington, huku Uingereza, kusini mwa mto unaokata jiji letu, mtaa wa nyumba za kale ambako huwezi hata kubadilisha rangi ya mlango wako bila ruhusa ya kaunsili. Huyo mwenye kwake ni kijana Mwingereza anayetaka kumwoa. Chakula hicho cha mchana kingekuwa mara yangu ya kwanza kukaa naye.

Kukaa naye sikuogopa. Kula ndiko kulikonikosesha usingizi. Kwetu Bungoma mama mkwe hali mbele ya mkwe wake. Mama yangu hakuwahi kutafuna hata ndizi mbele ya mume wangu mpaka tukamzika. Mimi nimeishi Edmonton, kaskazini mwa jiji hilohilo, miaka mingi, kazi yangu ni kuwaogesha wazee wa watu na sioni haya, lakini nikimfikiria kijana huyo akinitazama nikifungua kinywa, natamani kujifunika leso usoni. Nilipomweleza binti yangu alicheka kwanza.

"Usipokula atadhani umemkataa," akasema. "Seriously, Mum. Ataumia."

Nikamkataza asimwambie lolote. Niliona aibu.

Basi nikaanza kuzurura. Kila nilipokuwa sina zamu nilivuka mto, nikapita mitaa ile nikichungulia migahawa kama mwizi. Sikutazama bei wala vyakula, nilitazama viti. Kwa Wareno samaki walinukia vizuri, ila meza zao ni za kugusana magoti. Baa ya kwenye kona ilikuwa na meza ndefu, lakini mama wa kanisa nitaonekana vipi baa saa saba mchana? Kwa Mwitaliano ukuta mzima ni vioo, hata mkipeana migongo bado mnaonana. Mhudumu mmoja akatoka kuniuliza kama nimepotea. Nikamwambia nasubiri mtu, nikaondoka mbio, hasira zimenijaa na sina wa kumkasirikia.

Mwishowe nikapata kafe yenye ubao mrefu dirishani, watu wamekaa safu moja wakitazama barabara. Binti yangu angekaa katikati yetu. Nilirudi Edmonton nikiimba ndani ya basi.

Jumamosi ikafika, na dirishani pote pamejaa. Tukapewa meza ya duara, ndogo kama sinia. Chakula kikaletwa. Kijana alikuwa na adabu, akaniuliza habari za kazi na za nyumbani. Mimi nikasukuma njegere pembeni mwa sahani, nikazirudisha katikati, nikazisukuma tena. Akaona. Akaweka uma wake chini, masikio yamemwiva mekundu, naye akaacha kula.

Binti yangu akashindwa kuvumilia. Akamweleza yote kwa Kiingereza, ya Bungoma, ya mama yangu, ya ndizi, nami nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Kijana akasimama, akachukua sahani yake, akatoka nje. Nikajua nimemharibia mwanangu.

"Ameenda?" nikauliza.

"Angalia, Mum."

Alikuwa ameketi kwenye ukuta mfupi mbele ya kafe, ametugeuzia mgongo, sahani mapajani, manyunyu yakimwangukia. Alikuwa anakula.

Nikashika uma. Nilikula haraka kuliko nilivyowahi kula maishani, njegere, kuku, mkate, hata yale majani wanayowekea urembo, ili arudi ndani asije akashikwa na homa. Binti yangu alinitazama tu, mkono umefunika mdomo. Nilipomaliza nikabeba sahani yangu hadi mlangoni, nikakohoa. Akageuka, nywele zimelowa chepechepe, na kabla ya kunitazama mimi, akatazama sahani.