Mtu wa Kumi

Bodi ya kituo cha sanaa, iliyokaa kikao halali katika ghala la zamani la pamba nyuma ya bandari ya Karachi, ilitamka kwamba kituo hakimtegemei tajiri wala serikali, bali umma. Kwamba mchezo hauanzi pasipo umma. Na kwamba umma maana yake ni watu wasiopungua kumi, walioingia kwa hiari yao, ambao saa hiyo hawana shughuli nyingine.

Aliyebandika tangazo hilo mlangoni ni Pirbakhsh, bawabu, Mbaluchi wa mtaa wa Lyari, aliyebeba magunia kwenye gati la Keamari miaka ishirini na miwili hadi mgongo ulipogoma. Alisomewa mara mbili, na mara zote mbili akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Tangu hapo, wakija watu tisa, wa kumi ni yeye. Hufunga lango, akavua kofia ya kazi, akaketi kiti cha nyuma, na umma ukatimia.

Ameona michezo kumi na mmoja asielewe hata mmoja. Katika ule wa kwanza mtu alikaa jukwaani kimya, mdomo wazi, nusu saa nzima. Pirbakhsh akamhurumia, akampelekea glasi ya maji. Makofi yalipigwa hadi vumbi la pamba likadondoka kutoka darini. Kesho yake Bibi Shernaz, mkuu wa kituo, alimwomba apeleke tena. Akapeleka. Wakasema jana ilikuwa na ukweli zaidi. Glasi ilikuwa ile ile, na maji ya mtungi ule ule.

Msimu huu mchezo ulihusu kiu. Bibi Shernaz alitaka mapipa halisi ya nyumba halisi, yenye mikwaruzo, na Pirbakhsh akaazima manne ya kwake, ya plastiki ya buluu. "Wiki moja tu, mzee wetu." Sasa ilikuwa ya tatu, na Alhamisi hiyo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya mchezo.

Ilikuwa pia siku ya maji. Mtaani kwao mfungua koki huachia maji Alhamisi tu, baada ya magharibi, kwa muda aupendao mwenyewe. Na Ijumaa watu thelathini na wawili walikuwa wanakuja kumtazama Gohar, binti yake, kabla ya kumposa: wa kulishwa, wa kunawishwa.

Alasiri mkewe, Durbibi, alimpigia simu.

"Baba Gohar, mapipa yangu yanafanya nini huko?"

"Yanaigiza."

"Yanaigiza nini?"

"Mapipa yasiyo na maji."

"Hiyo kazi hata hapa nyumbani yangeiweza. Yalete kabla ya magharibi. Usiponiletea, kesho nitamnawisha mama mkwe wa mwanao kwa maneno yako."

Pirbakhsh akakodi mkokoteni wa punda, ukasimama nje. Kisha akakaa langoni na, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, akaomba watu wasije. Wasipotimia, hakuna mchezo. Pasipo mchezo, mapipa ni yake. Wakaja tisa.

"Bibi," alisema, "tangazo linasema mtu asiye na shughuli. Mimi leo nina shughuli."

"Shughuli gani, mzee wetu?"

"Maji."

Bibi Shernaz akajishika kifua. "Hilohilo! Ndilo tunalolisema!"

"Basi niyachukue mapipa?"

"Ukiyachukua, tutalisema kwa nini?"

Pirbakhsh akatoka nje. Akavuka barabara kumsihi muuza tambuu aje akae mahali pake, angalau yeye akimbilie nyumbani kujaza masufuria.

"Mie? Nilishaingia mara moja," alisema muuza tambuu. "Wakaniuliza najisikiaje. Mpaka leo sijui. Niache na tambuu zangu, kaka."

Aliporudi, bibi kizee wa safu ya mbele alimshika mkono. Alikuwa na mapera yamefungwa kwenye kitambaa mapajani.

"Mwanangu, kaa. Nimetoka Thatta alfajiri. Anayecheza ni binti yangu, sijamwona akicheza hata siku moja, na leo ndiyo mwisho. Wewe una binti?"

"Ninaye."

"Basi."

Basi nini? Pirbakhsh alisimama katikati ya ghala, binti huku na binti kule, asijue ni wa nani aliye mzito zaidi. Mgongo ukauma. Akavua kofia, akaketi.

Binti wa Thatta aliyapiga mapipa kwa viganja akilia, chini ya koki kavu iliyotundikwa ukutani. Pirbakhsh alilitambua kila moja kwa mlio wake. Simu ilitetemeka mfukoni mara saba. Mwishoni Bibi Shernaz aliuliza umma umejisikiaje, na macho yote yakageukia kiti cha nyuma.

"Ile koki mmeiweka juu mno," alisema Pirbakhsh. "Maji ya kwetu hayapandi hapo."

Mtu akasema, "Aaa," kwa sauti ya chini, na wawili wakaandika.

Maji yalifunguliwa saa moja na dakika kumi, yakakatwa saa mbili kasorobo. Durbibi alijaza ndoo mbili, birika, na sufuria la pilau. Mapipa yalifika saa tatu, makavu, yamefutwa vumbi. Ijumaa wageni wote walinawishwa kwa birika moja. Mama wa kijana aliuliza kama nyumba hii haina mapipa. Gohar akamwonyesha manne uani. Wageni wakala, wakashukuru, wakasema watatuma jibu.

Katika daftari la kituo, umma wa Alhamisi hiyo ni watu kumi. Wa kumi ni Pirbakhsh. Kwenye safu ya shughuli pameandikwa: hana.