Mtu wa Boila Aliyekuwa Karibu na Kila Mahali

Huku kwetu mtu akikupigia simu akakuuliza uko wapi, husemi uko wapi. Unasema anachotaka kusikia. Uko kitandani bado, shuka kichwani, unasema umefika steji ya magari. Umekwama Juja kwenye foleni, unasema "niko hapa tu, nakuja." Hakuna anayeamini na hakuna anayekasirika, kwa sababu hata aliyepiga si ajabu bado anatafuta viatu. Ni ugonjwa wa sote. Lakini Tahir, mtu wa boila, yeye ugonjwa huu ulimfuata mpaka ndani ya nyumba.

Tahir alikaa Gitothua, Ruiru, tangu aoe. Kazi yake ilikuwa kuwasha na kutunza boila ya kiwanda cha kutia vitambaa rangi. Kazi hiyo haijui usingizi. Wafanyakazi wakiingia asubuhi lazima wakute mvuke uko tayari, kwa hivyo mwenye boila huamka kabla ya jogoo, akawasha moto, akakaa kuilinda presha ikipanda. Ndiyo maana hakuna kiwanda kinachotaka mtu wa boila anayelala mbali. Likumbuke hilo, maana ndipo mambo yalipoharibikia.

Kiwanda kikahama. Wenyewe walisema wanapunguza gharama, maneno ya watu wenye mahali pa kuhamia. Papo hapo barabara ya mtaani ikawekwa lami, na mwenye ploti waliyopanga, ambaye bomba la choo lilimshinda kutengeneza mwaka mzima, akapandisha kodi utadhani lami ameimwaga yeye. Tahir aligomba, akabembeleza, akagomba tena. Wapi! Ikabaki kuhama.

Mkewe, Leila, alikuwa na shangazi Ngoliba, kule chini ambako Thika inaishia na ukavu unaanza. Shangazi alikuwa na nyumba ya vyumba viwili iliyokaa bure, na kodi aliyoitaka ilikuwa ya kuchekesha ukiilinganisha na ya Ruiru. Leila akakubali, ila kwa sharti.

"Baba Safaa, sikiza," alisema. "Mimi baba nilikuwa naye, lakini alikuwa Mombasa. Alikuwa anakuja mwisho wa mwezi na mkate na soda, na mimi najificha nyuma ya mlango nikidhani ni mgeni. Sitaki bwana wa mwisho wa mwezi. Tukihama tunahama sote, na kazi unatafuta huko huko. Kama sivyo, afadhali tubanane hapa."

"Tutakuwa pamoja," Tahir akasema, na alimaanisha. Binti yao, Safaa, alikuwa bado hajaanza shule, na mlango wa jioni ulikuwa wake. Baba akibisha, yeye ndiye wa kufungua. Mtu mwingine akithubutu kufungua, hiyo jioni hamli, ni kilio tu.

Sasa, kazi. Zamani ulikuwa unasimama langoni pa kiwanda asubuhi, msimamizi anatoka, anakutazama mabega, basi umeingia. Siku hizi askari hata hafungui lango vizuri. "Mzee, hapa hatuandiki. Nenda kwa ajenti." Kwa hivyo kabla ya kufunga mizigo Tahir alipanda ngazi hadi kwa Bridget, mama aliyekuwa na ofisi juu ya duka la dawa mjini Ruiru, akitafutia viwanda watu kutoka hapo hadi Thika na njia yote ya Garissa. Alikuwa na simu mbili na sauti ya kuzitosha zote.

Tahir akakaa kwenye benchi kungoja zamu yake, na hapo ndipo alipopotea. Bridget alikuwa anaongea na mtu kwenye simu.

"Uko wapi saa hii? ... Kalimoni? Haiya! Na kazi ni ya hapa Ruiru, wanataka mtu sasa hivi. Mpaka utoke huko si itakuwa Krismasi? Wacha tu, nitatafuta mwingine." Akakata.

Tahir akajifunza somo ambalo hakuna aliyemfundisha: kwa huyu mama, aliye mbali hali. Zamu yake ilipofika akaulizwa anakaa wapi. "Hapa tu, Gitothua, na mke na mtoto," akajibu, na siku hiyo ilikuwa kweli. Akaongeza kwamba yuko tayari kwenda popote, hata Thika, hata njia ya Garissa. Bridget akaitikia bila kuinua macho. Kila anayekalia kile kiti husema popote, na neno hilo alishaacha kulisikia zamani. Wiki iliyofuata lori likabeba vitanda na sufuria hadi Ngoliba. Gitothua haikuwa kweli tena, na Tahir hakurudi kusema.

Leila alizoea kule haraka. Akafuga kuku, akapanda sukuma wiki karibu na pipa la maji, akawa anaimba akifua. Safaa alishinda akifukuza mbuzi wa jirani yao, Musembi, mzee mpole ambaye naye aliwahi kutunza boila ya kiwanda cha maziwa kabla hakijafungwa. Aliyekosa amani ni Tahir peke yake, na simu yake mkononi.

"Tahir, uko wapi?" Bridget angeuliza.

"Niko hapa tu, madam, karibu na steji." Amesimama zizini kwa Musembi. Beberu akalia.

"Hiyo ni nini?"

"Ni bucha, madam. Kuna bucha hapa."

Halafu mbio! Pikipiki mpaka barabarani, gari mpaka Thika, gari lingine mpaka Ruiru, jasho mpaka kwenye soksi. Akifika Bridget anamtazama, anaitazama saa ya ukutani, anamtazama tena. "Steji gani hiyo uliyokuwa, ya Uganda?" Kazi imeenda. Au haijaenda, lakini ni ya kupakua magunia siku hiyo moja, na nauli imekula malipo yote. Hayo yalijirudia mpaka makondakta wakamjua jina. Jioni anarudi, Safaa anamfungulia, na Tahir anapita bila hata kuuliza kuna nini jikoni.

"Ajenti gani huyu!" akawa anafoka. "Kila kazi Ruiru! Ruiru, Ruiru! Kwani viwanda vya huku vimelaaniwa?"

"Kwani anajua unakaa huku?" Leila akauliza.

"Akijua atanifuta. Si nilikusimulia alivyomfanya yule wa Kalimoni?"

"Yule wa Kalimoni alikuwa anaitiwa kazi ya Ruiru. Wewe unataka ya Ngoliba. Mwambie ukweli, Baba Safaa. Njia ya mwongo ni fupi."

"Mimi si mwongo! Hayo ni maneno tu ya simu, kila mtu husema."

Leila akaenda kufunga kuku. Ukishamjua mtu hukosi kujua pale anapoacha kusikia.

Siku moja Musembi akaja kuomba namba ya huyo ajenti. Tahir akampa kwa moyo mweupe, ujirani ni ujirani, tena ndani kwa ndani alikuwa anacheka. Musembi na Ruiru, wapi na wapi? Jioni mzee akarudi na habari.

"Ameniuliza niko wapi," Musembi akasema. "Nikamwambia, dada, mimi niko mbali sana. Niko Ngoliba, na leo sina hata nauli ya kukufikia."

Tahir alicheka mpaka akashika ukuta. "Mzee wangu, umejimaliza mwenyewe! Mtu hasemi hivyo!"

"Sasa ningesema niko wapi?" Musembi akauliza, na alikuwa anauliza kweli.

Haukupita muda, kiwanda kipya cha juisi ya maembe kikafunguliwa pale Ngoliba, njia ya Garissa. Bomba lake la moshi lilionekana ukisimama kwenye kamba ya nguo ya Leila. Asubuhi moja likaanza kutoa moshi mweupe, safi, moshi wa boila iliyowashwa na mtu anayejua kazi. Tahir akasimama akiutazama, chai mkononi. Jioni yake Musembi akaingia na gunia la maembe begani.

"Baba Safaa, Mungu akubariki. Yule dada amenipa boila. Anasema wenyewe walimwambia wanataka mtu anayelala hapa hapa, asiwe wa kutoka mbali. Namba ni wewe ulinipa, sikuweza kula peke yangu."

"Hongera," Tahir akasema. Akalipokea gunia, akaliweka chini. Usiombe kumpongeza mtu kwa kitu ulichokiotea wewe.

Kulipokucha akapanda zile ngazi za Ruiru akiwa amefura. Hakukaa hata kwenye benchi.

"Madam, nimekukosea nini? Kazi ya boila, Ngoliba, na unampa mzee wa mbuzi! Mimi nimekimbia hapa mara ngapi?"

Bridget akaweka simu zote mbili chini, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. "Na wewe Ngoliba ungeenda kufanya nini?"

"Ndiko ninakokaa!"

"Tangu lini?"

"Tangu... tangu tuhame."

"Atii? Tahir, kila nikikupigia uko hapa steji. Hapa bucha. Hapa karibu." Akasimama. "Hiyo kazi ilipokuja wewe ndiye nilikuwaza wa kwanza, haki ya Mungu. Nikasema, hapana, huyu ni mtu wa Ruiru, ana mke na mtoto hapa. Nikimpeleka Ngoliba nitamtenga na watu wake. Nikakuhurumia!"

Tahir angepata wa kumpiga angempiga, lakini aliyekosa alikuwa amevaa viatu vyake mwenyewe. Alitamani huyu mama awe amemwonea, awe amekula rushwa, awe ni mbaya kidogo tu. Hakuwa. Alikuwa amemhurumia, na hiyo ilimuuma kuliko dharau yote ya langoni.

"Sasa nifanye nini, madam?"

"Boila niliyo nayo ni moja. Kuna mahali panafuliwa mashuka ya mahoteli, Gitothua. Wanataka mtu wa kudumu, na wanataka alale karibu." Akamtazama. "Sasa niambie ukweli. Uko karibu, ama hauko karibu?"

Nyumbani mambo yalikuwa yamefika pabaya. Unga ulikuwa unakopwa kwa shangazi, na shangazi alikuwa ameanza kujibu salamu nusu nusu. Tahir akasema atakuwa karibu.

Alipoambiwa, Leila hakupiga kelele, na heri angepiga. Alikunja mashati mawili ya mumewe, suruali na kanzu ya Ijumaa, akavitia kwenye begi, akaongeza maembe ya Musembi. "Mwisho wa mwezi ulete mkate," akasema. "Soda wacha, inamharibu mtoto meno."

Ukitaka kujua dunia ina kejeli, chumba cha peke yake cha bei alichoweza kilipatikana kwenye ploti ile ile aliyohama, safu ya nyuma, karibu na choo. Lile bomba bado linavuja. Kwenye nyumba yao ya zamani kuna watu wengine sasa, na pazia lao ni la kijani. Tahir huamka gizani, huwasha moto, presha ikipanda mashuka ya wageni wa mahoteli yanaanza kuzunguka. Kazi anaiweza, na humo ndani hakuna anayemlaumu kwa lolote. Akitoka jioni hupita mbele ya ule mlango wa zamani haraka, kama mtu anayedaiwa.

Juzi alikuwa ametoka kuswali magharibi, anamenya kitunguu, simu ikalia. Ni Safaa, kwenye simu ya mamake.

"Baba, uko wapi?"

Hakuwaza. Ulimi wake umezoea, ulijiendea wenyewe. "Niko hapa tu, mama. Niko karibu."

Akasikia simu inaanguka, kisha vidole vidogo vikihangaika na komeo, kisha mlango. Kisha, kwa mbali, mbuzi wa Musembi. Leila ndiye aliyeokota simu.

"Tahir. Umemwambia nini huyu mtoto? Ametoka mbio mpaka barabarani. Amesimama pale anatazama pande zote mbili."

"Mwite."

"Simwiti. Nampelekea simu, umwambie mwenyewe."

Akasikia ndala za mkewe kwenye changarawe, na pumzi yake, na hakuwa na muda wa kutunga chochote. Kisha sauti ndogo, imechoka kwa kukimbia. "Baba, sikuoni."

"Safaa, rudi ndani. Baba yuko mbali."

"Mbali wapi?"

"Ruiru, mama. Gitothua. Pale kwetu pa zamani."

"Kwani ulirudi kwetu," akauliza, "ukatuacha huku?"